MSITU NDANI YA SINIA
Mikuyu midogo, jiwe la Tabaka na somo la mashamba ya Ogembo

Mpwani asafiriye hadi nchi ya Wakisii kwa mara ya kwanza hushangazwa na mambo mawili. La kwanza ni ubichi wa nchi yenyewe. Mvua za huko hazijui kiangazi kirefu. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 1,500, na vilima vimevikwa migomba, chai, mahindi na miwa toka bondeni hata kileleni. La pili ni uhaba wa miti mikongwe. Miti ipo, tena ni mingi, lakini iliyo mingi ni mikaratusi myembamba iliyopandwa kwa safu, ikingojea siku yake ya kuwa nguzo au kuni. Mti mzee wa kukumbatiwa na watu watatu ni wa kuulizia.

Mji wa Ogembo uko katikati ya mambo hayo mawili. Uko kusini mwa mji wa Kisii, katika vilima vya mto Gucha, ambao maji yake huishia Ziwa Viktoria. Katika sensa ya mwaka 2019 Kaunti ya Kisii ilihesabiwa watu 1,266,860, yaani zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba. Mahali palipojaa watu hivyo, shamba la babu hugawiwa wana, na la wana likagawiwa wajukuu, hata mwisho kila mmoja akabaki na ukanda mwembamba ushukao toka barabarani hadi mtoni. Katika ukanda kama huo mti wa kivuli kipana huonekana kama mgeni alaye bila kufanya kazi: mahindi hayastawi chini yake, na jirani hulalamika kwamba kivuli kimevuka mpaka.

Nchi ya namna hii, yenye mvua ya kutosha, yenye miti ya ukoo wa mkuyu, yenye jiwe laini la kuchongwa, lakini isiyo na nafasi, ndiyo inayotufanya leo tuzungumze juu ya sanaa moja iliyotoka Mashariki ya Mbali: kupanda msitu ndani ya sinia. Msomaji asicheke. Huu si mchezo wa watoto, wala si pambo la matajiri peke yao. Ni kazi ya mikono ambayo mtu wa Ogembo aweza kuifanya uani kwake, na mtu wa Lamu au Mombasa aweza kuifanya barazani au juu ya dari, pale pale palipo na vyungu vya mrehani na asumini.

SI MBEGU YA MITI MIFUPI

Sanaa yenyewe huitwa bonsai. Ni neno la Kijapani: bon ni sinia au chombo kipana, na sai ni kupanda. Lakini Wajapani nao waliipokea kutoka kwa Wachina. Katika kaburi la mwana wa mfalme Zhanghuai, ambalo kuta zake zilichorwa picha mwaka 706, waonekana watumishi wamebeba vyombo vyenye mawe na mimea midogo. Hao Wachina ndio ambao sahani na bakuli zao zilifika pwani yetu kwa majahazi, zikapachikwa katika kuta na makaburi ya waungwana. Vyombo vyao tulivijua mapema. Sanaa yao ya kupanda miti vyomboni tumeijua juzi tu.

Kwa Wajapani sanaa hii ikawa kazi ya ukoo, baba akimrithisha mwana. Mwaka 1923 tetemeko kubwa la ardhi liliuharibu mji wa Tokyo, na baadhi ya mafundi wa bonsai wakauhama. Mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao huko Omiya, na hadi leo kijiji hicho ni mashuhuri duniani kwa kazi hiyo.

Watu wengi hudhani kwamba bonsai ni aina ya mti uliozaliwa kibeti, na kwamba mtu akinunua mbegu zake ataota mti mfupi. La, hasha! Bonsai ni mti wa kawaida kabisa. Ukiutoa siniani ukaupanda ardhini, utakua hadi kimo cha ndugu zake. Unabaki mdogo kwa sababu mizizi yake imepewa nyumba ndogo, na matawi yake hupogolewa kila mara na mtu anayejua anachokitaka.

Wala bonsai si lazima iwe mti mmoja. Ipo namna ya kupanda miti mingi katika sinia moja, iwe kama msitu unaotazamwa kwa mbali. Wajapani huiita yose-ue. Kazi mashuhuri ya namna hiyo ni ile iitwayo Goshin, iliyotengenezwa na John Naka, Mmarekani wa asili ya Kijapani aliyezaliwa mwaka 1914 na kufariki mwaka 2004. Mzee huyo alianza kuilea miti yake ya kwanza mwaka 1948, na msitu wake ukawa na miti 11 ya jamii ya mtarakwa, mmoja kwa kila mjukuu wake. Fikira ya msitu huo aliipata katika miti mirefu izungukayo mahali pa ibada huko Japani. Mwaka 1984 aliutoa zawadi, na sasa uko katika bustani ya miti ya taifa mjini Washington.

Mpwani haitaji kuelezwa sana habari ya miti izungukayo mahali pa heshima. Jirani zetu Wamijikenda wanazo kaya zao, misitu ambayo wazee waliikataza isikatwe, na ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mzee Naka aliuchukua msitu wa namna hiyo moyoni mwake, akauweka mahali ambapo wajukuu wake wangeweza kuuzunguka kwa hatua chache.

KWA NINI MKUYU?

Mjapani hupenda kutumia msonobari na mtarakwa, na mingi ya miti hiyo hutaka majira ya baridi kali. Kwa nchi zetu za joto miti iliyojaribiwa ikafaa ni ya ukoo wa mkuyu, ambao wataalamu huuita Ficus. Ukoo huu una aina zaidi ya 700 duniani. Mtini, ambao Mwenyezi Mungu ameuapia katika Surat At-Tin, ni mmoja wao. Mkuyu wa kando ya mito ni ndugu yake, na mgumo wa Wakikuyu na mutuba wa Waganda ni ndugu zake pia. Hata ile miti ya majani madogo yanayong'aa iliyoletwa kutoka Asia, ambayo twaiona mbele ya hoteli na kando ya barabara za miji yetu, ni jamaa wa damu. Yote hutambulikana kwa alama mbili: utomvu mweupe kama maziwa, na tunda lililoficha maua yake ndani, ambamo nyigu wadogo mno huingia kuyachavusha.

Sifa ya kwanza ya ukoo huu ni ustahimilivu. Waganda huuvua mutuba gome lake, wakalipiga kwa nyundo za mti hata likawa nguo. Kazi ambayo UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Mti uliovuliwa hufungwa majani ya mgomba kama mgonjwa afungwavyo kitambaa, nao huota gome jipya, ukavuliwa tena baadaye. Mti uwezao kustahimili hayo hautishwi na mkasi mdogo wa bustani.

Sifa ya pili ni kwamba tawi lake likikatwa na kuchomekwa ardhini huota. Na sifa ya tatu, iliyo kubwa kwa kazi yetu ya leo, ni mizizi yake. Nenda katika magofu ya Gede, karibu na Watamu, mji wa kale wa Waislamu ulioandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2024. Utaona mizizi ya miti ya ukoo huu imeshuka juu ya kuta za mawe ya matumbawe, imeingia nyufani, imezikumbatia, hata huwezi kusema kama ukuta ndio unaoushika mti au mti ndio unaoushika ukuta. Mizizi hiyo hiyo ikigusana na mizizi ya mwenzake wa aina moja kwa miaka mingi, huungana. Miti saba iliyotiwa siniani kila mmoja na mizizi yake, baada ya muda husimama juu ya msingi mmoja. Mashamba ya Ogembo hukatwa kila kizazi yakawa vipande; mkuyu huvichukua vipande ukavifanya kitu kimoja.

Wapo wasemao kwamba mikuyu ni makao ya mashetani na haifai kusogezwa karibu na nyumba. Maneno hayo yapo pwani na yapo bara. Wakikuyu nao waliuheshimu mgumo, wakauomba Mungu chini yake, wala hawakukubali ukatwe ovyo. Pengine hofu na heshima hizo zilifanya kazi moja iliyo njema: zililinda mti ambao shoka lisingeuacha. Hata mwaka 2020, barabara ya juu ilipojengwa Nairobi, mgumo mmoja mzee wa Waiyaki Way ulipangiwa kuondolewa, watu wakapiga kelele, na serikali ikatoa amri kwamba mti ule ubaki.

MITI ITOKE WAPI?

Hapa ndipo penye neno zito. Mtu akishapendezwa na sanaa hii, jambo la kwanza limjialo ni kushika jembe, kushuka mtoni, na kung'oa miche yenye mashina manene yaliyokwisha kupinda yenyewe. Huonekana ni njia ya mkato: badala ya kungoja miaka kumi, achukue alichokilea mto. Lakini mkuyu wa mtoni haukukaa pale kwa bahati. Mizizi yake ndiyo ishikayo ukingo udongo usimomonyoke, na kivuli chake ndicho kiizuiacho chemchemi isinyonywe na jua.

Nchi ya Kisii inaujua ubaya wa kubadilisha miti ya majini. Mikaratusi ilipendwa kwa sababu hukua upesi na hulipa. Ikapandwa hata kwenye mabonde na vijito, nayo ni miti inywayo maji mengi. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji nchini Kenya iondolewe. Kuamuru ni rahisi. Lakini mkulima mwenye ukanda mmoja, na mikaratusi ndiyo karo ya mtoto wake, haoni wepesi wa kuing'oa.

Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, ameeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mgumo mmoja mkubwa uliokuwa jirani na kwao. Karibu na mti huo palikuwa na kijito alimochezea. Miaka ikapita, mti ukakatwa, na kijito kikakauka. Alipokuwa msomi alielewa kwamba mizizi ya mti ule ilipenya hadi chini kwenye maji na kuyapa njia ya kupanda juu. Wahenga wetu hawakusoma elimu ya mizizi, lakini walisema: mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huwa mashakani.

Basi sharti la kwanza la kazi hii liwe hili: msitu wa siniani usizaliwe kwa kifo cha msitu wa kweli. Na si sharti gumu. Mti mmoja wa majani madogo, kama mutuba, mgumo au ile ya kutoka Asia, waweza kutoa vipande ishirini vya matawi wala usijue kwamba umepunguzwa. Muombe mwenye mti idhini. Kata matawi ya unene wa penseli hadi unene wa kidole gumba, urefu wa shibiri moja au mbili. Yaache saa chache kivulini utomvu ukauke, kisha yachomeke katika mchanga wa mto wenye unyevu. Chukua yote kutoka mti mmoja, ili majani yafanane na kijani chake kiwe kimoja. Baada ya mwezi mmoja hadi miwili mengi yatakuwa yameota mizizi, na baada ya mwaka mmoja au miwili ya kulelewa kwenye kitalu yatakuwa tayari kuingia siniani. Mkuyu wenyewe wa mtoni tuuache. Majani yake ni mapana mno, na ndani ya sinia yataonekana kama viganja vya mtu mzima juu ya mikono ya mtoto.

JIWE LA TABAKA

Chombo cha msitu hutakiwa kiwe kipana na chembamba, kama sinia la pilau na si kama chungu. Chombo chenye kina kirefu huufanya msitu uonekane umezama. Chembamba huufanya uonekane umesimama juu ya uwanda.

Upande wa magharibi wa Ogembo kuna Tabaka, mahali panapojulikana ulimwenguni kwa jiwe la sabuni. Jiwe hilo ni laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno wa mkono na kuchongwa kwa kisu. Lina rangi nyeupe, ya kijivu na ya waridi. Mafundi wa huko huchonga bakuli, wanyama na vinyago, vikauzwa hadi Ulaya na Marekani. Fundi awezaye kuchonga bakuli aweza kuchonga sinia: urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 40, kina cha sentimita 4 au 5, lenye miguu mifupi chini na matundu kadhaa ya kutolea maji. Ndani lisisuguliwe likang'aa. Mizizi hupenda mahali pa kushika. Jiwe hilo ni zito, na uzito huo ni faida, kwani upepo hauliangushi.

Pwani, asiyelipata jiwe la Tabaka na atumie sinia la udongo lililofinyangwa na kuchomwa vizuri. Hata bapa la jiwe la matumbawe lafaa, maana Gede imetuonyesha kwamba mkuyu hauchukii chokaa. Lakini lioshwe kwa maji matamu mara nyingi kwanza, chumvi iishe.

KUUPANGA MSITU

Kazi ifanywe mvua zinapoanza: Machi huko Ogembo, na mwanzo wa masika kwa watu wa Pwani. Udongo usiwe wa mfinyanzi mtupu, kwani hushika maji mizizi ikaoza. Changanya sehemu mbili za kokoto ndogo au matofali yaliyopondwa na kuchekechwa, na sehemu moja ya mboji iliyooza sawasawa. Mchanga wa baharini usiguswe. Funika matundu ya sinia kwa wavu, kisha pitisha nyuzi za waya au kamba za makumbi za kufungia mizizi, maana mti uyumbao hauoti mizizi.

Chagua miti kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili: mitano, saba, tisa au 11. Idadi hiyo humzuia mtu kuipanga kama askari wa gwaride, nusu huku na nusu kule. Miti isilingane. Mmoja uwe mkubwa kuliko yote kwa unene na kwa urefu. Huo ndio mzee wa msitu. Wa pili uufuate, na iliyobaki ishuke kwa daraja hadi mdogo kabisa. Mkubwa ukiwa na sentimita 45, mdogo na uwe na 15 au 20.

Mzee wa msitu asiwekwe katikati. Mwekee nafasi iliyo kama theluthi moja ya urefu wa sinia kutoka upande mmoja, mbele kidogo ya mstari wa kati. Wa pili ukae karibu naye, kama ndugu wa pili akaavyo karibu na kaka yake barazani. Wa tatu upelekwe upande wa pili wa sinia, uwe kichwa cha kikundi kidogo. Kati ya vikundi hivyo viwili acha uwazi, mfano wa njia iingiayo msituni. Uwazi huo usikuhangaishe ukataka kuujaza. Jicho hutaka mahali pa kupitia. Midogo kabisa iwekwe nyuma na pembeni, ionekane kama miti iliyo mbali.

Kisha simama mbele ya sinia utazame. Mti wowote uliojificha nyuma ya mwingine usogezwe. Miti mitatu iliyojipanga mstari mmoja ivunjwe mstari huo. Nafasi baina ya shina na shina zisilingane. Miti ya pembeni iegemee nje kidogo, kwa kuwa msituni kila mti hufuata mwanga. Matawi yaelekeayo ndani yaondolewe, yaelekeayo nje yaachwe. Ukimaliza, vilele vyote kwa pamoja vifanye umbo la kilima kisicho sawa pande zote, kama vilima vyenyewe vya Kisii.

Mizizi yaweza kupunguzwa hadi theluthi moja ili ikae siniani, na majani yapunguzwe kwa kiasi hicho hicho, maana mizizi michache haiwezi kunywesha majani mengi. Utomvu ukitoka, upanguse kwa kitambaa kibichi, na nawa mikono, kwani huwawasha watu wengine ngozi na ni mbaya ukiingia machoni. Shindilia udongo kwa kijiti taratibu usibaki uwazi kati ya mizizi. Uinue kidogo chini ya mzee wa msitu na uushushe kwenye kingo. Mwisho funika kwa yale majani laini ya kijani yaotayo juu ya mawe na matofali yenye unyevu. Hayo ndiyo nyasi za msitu wako. Kisha mwagilia kwa chombo chenye matundu madogo hadi maji yatoke safi chini.

KUUTUNZA

Kwa wiki tatu au nne za kwanza msitu ukae kivulini, mahali pasipo upepo. Majani machache yakidondoka usiogope. Machipukizi yakitokea, utoe taratibu kwenye jua la asubuhi. Baadaye mikuyu hii hutaka mwanga mwingi. Kuifungia sebuleni kama pambo la mezani ni kuinyima chakula.

Maji yatolewe udongo unapoanza kukauka juu, wala si kwa saa. Ogembo wakati wa mvua huenda siku nyingi zikapita bila kumwagilia. Mombasa wakati wa kaskazi huenda ikahitajika asubuhi na jioni, kwa kuwa sinia jembamba hukauka upesi. Lakini Pwani ina faida moja: unyevu wa hewa yetu huwafaa mikuyu, na baada ya miaka huenda ikashusha mizizi kutoka matawini, ikawa nguzo ndogo.

Chipukizi likifika majani sita au manane, likate libaki na mawili. Hivyo matawi hugawanyika yakawa mengi, na majani mapya huja madogo zaidi. Ukifunga waya wa kupindia tawi, lichunguze kila wiki, maana mkuyu hunenepa haraka na waya huuma gome ukaacha kovu. Majani yakijikunja kama msokoto, ndani yake mna wadudu, yakusanye uyachome. Vigamba vya kahawia kwenye matawi navyo ni wadudu; visugue kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Mbolea iwe hafifu: maji yaliyolowekwa samadi ya mbuzi na kuchujwa yatosha kila baada ya wiki mbili au tatu. Kila mwaka wa pili au wa tatu msitu mzima huinuliwa, mizizi ya pembeni ikapunguzwa, udongo ukabadilishwa. Kadiri miaka ipitavyo utaona haiwezekani tena kutoa mti mmoja peke yake. Imekwisha kuwa jamaa.

JE, SI KUUTESA MTI?

Wapo watakaouliza kama si dhuluma kuufunga mti mkubwa katika nyumba ndogo. Swali hilo ni la haki. Mti uliosahauliwa ndani ya sinia hufa kwa siku chache. Kwa hiyo aupandaye amejifunga kuutumikia kila siku, na akisafiri lazima amuachie mtu amana hiyo. Asiyeweza ahadi hiyo asianze. Lakini mti unaotunzwa vema haufi mapema kwa udogo wake. Udongo wake hubadilishwa, wadudu huondolewa, na waweza kuishi kuliko aliyeupanda, ukarithiwa na mjukuu.

Dhuluma halisi iko kwingine. Ni mtu kujifariji kwa msitu wa sentimita 60 huku akiukata mkuyu wa chemchemini. Msitu wa siniani haushiki ukingo wa Gucha usimomonyoke. Haunyeshei mtu kisima. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba apandaye mti, na kila aulaye, awe mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Matunda ya mkuyu mmoja mkubwa hulisha ndege, popo na nyani. Msitu wa siniani hauwezi kulisha hata familia moja ya hondohondo.

Kwa hivyo yafaa kila atakayekata vipande ishirini ajiwekee kanuni: 11 viingie siniani, na vilivyobaki virudi ardhini. Mwenye ukanda mwembamba Ogembo atauliza pa kuvipanda. Na avipande pale chini mtoni, mahali ambapo mahindi hayafai kulimwa hata hivyo; avipeleke shuleni, sokoni, kwenye uwanja wa msikiti au wa kanisa. Ila avitenge mbali na nyumba, kisima na bomba, kwani tumeona huko Gede mizizi hiyo inavyozitenda kuta. Ukanda wa mtu mmoja hautoshi mkuyu, lakini kingo za kanda kumi zilizopakana zaweza kuubeba mmoja, wenye kanda wakikubaliana. Makubaliano hayo ni magumu kuliko kupinda tawi kwa waya, na hakuna mkasi uwezao kuyafanya. Lakini mtu aliyekwisha kuilea miti saba hata ikashikana mizizi katika sinia moja, huenda akawa wa kwanza kubisha hodi kwa jirani yake.